Oili ya pikipiki: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Wengi huchagua oili kwa kuisugua kati ya vidole: ikiwa nzito, wanalipa. Uzito una kazi yake, ila haufui dafu pale injini inapolika zaidi, yaani unapopiga kiki asubuhi huku oili nyingi imetuama chini, na pale kemshafti, mhimili unaofungua vali, inapozikandamiza. Hapo chuma hukaribia kugusa chuma. Kinachookoa ni utando unaojengwa juu ya chuma chenyewe na kiambato cha zinki na fosforasi kiitwacho ZDDP. Joto na mkandamizo hukigandisha kuwa ngozi ya unene wa nanomita 100 hivi, mamia ya mara chini ya unywele. Ngozi hiyo ndiyo inayolika badala ya chuma, kisha hujengwa tena mpaka kiambato kiishe. Ndiyo maana oili ya zamani haifai hata kama bado inateleza vidoleni.

Oili nyingine huongezwa molibdenamu, inayoweka utando laini wa kupunguza msuguano. Kwa gari, safi. Kwa pikipiki yenye klachi inayooga oili ileile ya injini, pleti za klachi zinaweza kuteleza: unavuta mafuta, injini inalia, mlima haupandiki.

Kwa bodaboda wa kila siku, namba moja kwangu ni oili ya kawaida ya 20W-50 au 10W-40 (namba za uzito wa oili), kadiri kitabu cha pikipiki kinavyosema, yenye alama ya JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani, na MA2 ndiyo inayoifanya klachi ishike zaidi. Bei yake inakuruhusu kumwaga kwa wakati.

Ya pili ni sintetiki kamili, yaani oili ya kutengenezwa kiwandani kwa kemikali, yenye alama ya MA2. Ni bora, lakini kwa injini ya cc 100 au 125 sioni sababu ya kulipa zaidi.

Ya tatu, ukikwama tu, ni oili ya dizeli ya 15W-40. Kwa kawaida ina zinki ya kutosha, ila nyingi hazijapimwa kwa klachi ya pikipiki.

Oili nyepesi ya gari iliyoandikwa "Resource Conserving" iache: fosforasi imepunguzwa ili kulinda kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na mara nyingi ina viambato vya kupunguza msuguano. Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, isiyo na lebo, hata usiulize bei.

Mwenye skuta isiyo na gia, ambayo klachi yake ni kavu, achukue JASO MB, alama ya oili yenye msuguano mdogo, bila wasiwasi.