Bunyonyi: msikubali boti ipite tu kando ya Bwama

Tumerudi Kampala jana usiku, mimi na mama. Naandika mapema kabla kazi haijanimeza, kwa sababu kabla ya safari nilitafuta sana maelezo ya Kiswahili kuhusu Kabale na ziwa Bunyonyi, nikakosa. Niliyoyapata kwa lugha nyingine yalikuwa picha za machweo na bei za vyumba.

Mimi ni muuguzi. Nimekulia kambi ya polisi, Nsambya, na Kiswahili ndicho kilichotulea: sisi Waiteso, mlango wa kushoto Walugbara, wa kulia Waacholi, na watoto wote tukigombana na kupatana kwa lugha moja. Mama ana miaka 71. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa na ukoma, na alitibiwa wilayani Kumi, mashariki mwa Uganda, kule hospitali ya Ongino. Alipopelekwa huko, mama aliachwa kwa shangazi akiwa mdogo, na hakupelekwa hata siku moja kumwona. Bibi alirudi amepona, bila vidole vitatu. Yeye ndiye aliyetuambia tungali watoto kwamba upande ule mwingine wa nchi, penye milima, kuna kisiwa kizima walichopewa watu kama yeye. Mwaka huu mama akasema anataka kukiona. Kisiwa hicho ndicho Bwama, ndani ya ziwa Bunyonyi, karibu na mji wa Kabale.

Basi liliondoka Kampala saa kumi na mbili asubuhi. Kabale ni kama kilomita 400, na msikubali mtu awaambie ni safari ya saa sita. Sisi tulifika saa tisa alasiri. Kayabwe mnavuka mstari wa Ikweta, Lukaya wauzaji wanawazungukeni madirishani na kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma. Kondakta aliahidi kusimama Mbarara dakika ishirini, akasimama saba, na mama alipanda tena basi linaondoka, nimemshika mkono mimi. Hilo halikunipendeza hata kidogo. Mkienda na mzee, mwambieni dereva mwenyewe, tena kabla ya kuondoka.

Baada ya Ntungamo barabara inaanza kupanda na hewa inabadilika. Vilima vyote vimekatwa ngazi hadi kileleni, viazi hapa, mtama pale, maharage katikati, hakuna kipande kilicholala bure. Kabale yenyewe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Saa moja jioni tulikuwa tumevaa kila kitu tulichobeba. Bebeni sweta, soksi, na kitambaa cha kichwa. Sisemi kwa utani, usiku ule mama alilala na koti.

Mji tuliutembelea nusu siku tu, na ungestahili zaidi. Tulipanda Rugarama, kilima cha Waanglikana, palipo na kanisa kuu. Kabale ndiko walikofika mwaka 1921 madaktari wawili Waingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, wakaanzisha hospitali ya misheni. Mwaka 1935 ulifanyika hapa mkutano mkubwa wa uamsho, na wazee wa kanisa katika Afrika Mashariki bado wanautaja. Kwa chakula, ulizeni firinda, yale maharage yaliyomenywa ganda na kupondwa mpaka yawe laini kama krimu. Tulikula na kalo, aina ya ugali, na tukashushia bushera, uji wa mtama uliochachuka kidogo, katika mkahawa wa meza nne karibu na soko, 9,000 kwa wawili. Mama aliomba bushera ya pili.

Kutoka mjini hadi mwalo wa Rutinda si mbali, gari la kukodi lilituchukua kwa 40,000. Njia inapanda mgongo wa kilima, halafu ghafla ziwa lote liko chini yenu. Dereva alisimama bila kuombwa. Mama alifungua pochi, akatoa noti ya 5,000, ile ya kijani, akaiinua mbele ya macho: picha ya Bunyonyi na matuta yake imo humo, na tumeishika miaka yote bila kuitazama. Alilinganisha pole pole, noti, ziwa, noti, akasema, “Wamesahau ukungu.”

Ziwa hili lilizaliwa pale lava ya volkano ilipoziba bonde la mto, maji yakajaa nyuma yake. Ndiyo maana limejipinda hivyo, likiingia kila korongo, na vichwa vya vilima vilivyobaki juu ndivyo visiwa, 29 kwa hesabu ya wenyeji. Jina maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi, na sisi wasema Kiswahili tuna undugu na neno hilo, maana ndege kwa Kiswahili cha kale ni nyuni. Alfajiri utaamini. Kelele zao zilituamsha kabla ya kengele ya simu.

Tulilala nyumba ya wageni juu kidogo ya mwalo, chumba cha vitanda viwili 100,000 pamoja na chai ya asubuhi. Bomba la maji moto lilitoa maji moto dakika nne, nimehesabu. Lakini saa mbili usiku binti wa pale aligonga mlango na chupa mbili za mpira zilizojaa maji moto, amezifunga kwa taulo, akaziingiza mwenyewe chini ya blanketi upande wa miguu. Kwa hilo tu ningerudi. Chakula chao cha jioni ni wale kamba wadogo wekundu wa ziwani, waliopikwa kwa kitunguu na krimu na kupakiwa ndani ya parachichi. Ni wazuri. Chumvi ilizidi.

Sasa boti, maana ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Asubuhi mwaloni alitujia kijana mmoja mchangamfu, akataka 200,000 kwa kuzunguka visiwa vitano kwa saa mbili. Nilimwuliza, “Bwama tunashuka?” Akasema hapana, Bwama ni shule tu, hakuna cha kuona, tunapita kando mnapiga picha. Jaketi okozi alizotupa moja ilikuwa haina mkanda wa mbele. Nilimrudishia zote. Tafadhali jaribuni kila mkanda kabla hamjakanyaga boti. Maji ya ziwa hili ni ya kina, na ni baridi.

Mzee mmoja aliyekuwa akimwaga maji kutoka boti yake ya mbao alitusikia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyumbani kabisa, cha gwaride. Mama alimtazama mara moja tu. “Wewe ulikuwa askari.” “Ndiyo mama, jeshini, miaka kumi na nane.” “Basi afande, tupeleke Bwama, tushuke, tukae.” Wakapatana 150,000 kwa asubuhi nzima, na jaketi zake zilikuwa na mikanda yote.

Akampene ni karibu, mtakipita. Ni kisiwa kidogo kuliko uwanja wa netiboli, nyasi na mti mmoja. Hapa Wakiga wa zamani, wenyeji wa milima hii, walimwacha msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa. Ndugu zake wenyewe walimpakia mtumbwini, wakamshusha, wakageuza kasia. Wengi hawakujua kuogelea. Kijana asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kuja kumchukua, akawa mke wake bila kulipa kitu. Haya si hadithi za kale mno. Miaka ya karibuni waandishi wa habari walimhoji bibi aliyeachwa pale akiwa binti mdogo, mvuvi akamwokoa na kumwoa. Boti nyingine ilikuwa pale na wageni, kiongozi wao akisimulia kwa kucheka, akiwauliza wanawake nani angependa kubaki. Hilo si jambo la kuuziwa wageni kwa kicheko. Nimezalisha wasichana wa miaka kumi na tano waliofukuzwa nyumbani, najua wanavyotetemeka. Afande wetu alizima injini bila kuambiwa. Tulikaa kimya, boti ikielea, mpaka wale wakaondoka.

Halafu Bwama.

Mwaka 1931 Sharp alianzisha hapa makao na hospitali ya watu wenye ukoma. Yeye na familia yake waliishi kisiwa kingine, Njuyeera, ambacho jina lake ni nyumba nyeupe; afande alituonyesha kwa kidole. Wakati ule tiba ilikuwa sindano za mafuta ya chaulmoogra, chungu kwa mgonjwa na zenye faida ndogo. Dawa za kweli zilianza kupatikana miaka ya 1940, na mchanganyiko tunaoutumia leo ulipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Mgonjwa wa sasa anameza vidonge nyumbani kwake, na akianza tu dawa haambukizi tena. Kisiwa kikakosa wagonjwa. Sijui habari njema kuliko hiyo: mahali pa kutengwa pamekuwa shule, na majengo ya hospitali ya zamani ndimo wanamosoma watoto wa sekondari.

Ni shule, kwa hiyo msiingie kama mnaingia sokoni. Afande alitangulia kuomba ruhusa, tukasubiri gatini, mwalimu akaja kutupokea. Njia ni ya udongo, inapanda, mama aliipanda kwa dakika ishirini na vituo vitatu. Miti ya mikaratusi huku na huku, na kila mkipinda maji yanaonekana upande mwingine. Watoto waliopishana nasi walisimama kando na kusalimu.

Nilichokuwa natazama mimi ni sakafu, vizingiti, majiko. Kazi imenifundisha hivyo. Ukoma hauli vidole, kama watu wanavyosema. Unaua hisia kwenye neva, kisha mtu anajikata, anajiunguza, hajui, na kidonda kinaendelea na kazi. Bibi yangu alikuwa akiepua sufuria kwa mikono mitupu. Siku moja alisikia harufu ya kuungua, akageuka kutafuta ni nini, kumbe ni mkono wake. Ndiyo maana nasisitiza kila ninapoandika: mtu mwenye ukoma. Lile neno la mkato nimelikataa wodini na nalikataa hapa.

Nje ya jiko la shule mpishi alimwona mama amechoka, akamletea uji kwenye kikombe cha plastiki, akamwekea na kigoda. Uji ulikuwa wa moto. Mama alikipokea kikombe kwa viganja viwili, vidole vimenyooka, havigusi kitu, akakiinua hivyo hivyo mpaka mdomoni. Vidole vyake mama ni vizima vyote kumi. Hajawahi kunywa hivyo mbele yangu. Nilikuwa nimemwona mtu mmoja tu maishani akishika kikombe namna ile, kibarazani kwetu kijijini, nikiwa na miaka saba, nikimwita tata, yaani bibi kwa Kiteso.

Sikumwambia kitu. Alimaliza uji, akamwuliza mpishi kwa Kiswahili kama wagonjwa waliruhusiwa kuwaona watoto wao. Mpishi alikuwa mdogo mno kujua. Afande ndiye aliyejibu, kwamba mama yake mzazi alikuwa akileta viazi kwa mtumbwi na kuviacha mwaloni, na wagonjwa wenye nguvu walikuja kuvichukua, wakisalimiana kwa mbali kwa kupaza sauti. Wanajuana kwa majina, alisema. Hawakuwahi kupeana mkono.

Tulikaa Bwama karibu saa mbili. Ningeongeza ya tatu, lakini afande alikuwa akitazama maji. Asubuhi Bunyonyi ni kama kioo, ikifika saa saba au nane upepo unashuka kutoka vilimani na mawimbi madogo yanaanza kupiga ubavu wa boti. Ondokeni Rutinda saa tatu, msichelewe. Visiwa vingine tuliviona kwa kupita tu. Kisiwa cha Bucuranuka kina kisa cha walevi waliomnyima bibi kizee pombe, kisiwa kikapinduka nao; afande alisimulia vizuri, lakini mawazo yetu hayakuwepo. Korongo wenye taji wawili walivuka juu yetu tukikaribia mwalo, shingo zimenyooshwa.

Pesa kwa ujumla, watu wawili, siku nne pamoja na nauli: hazikufika 900,000. Si kidogo kwa mshahara wangu, na sijuti hata shilingi. Mkitaka kuogelea, kupiga kasia na kula vizuri, Bunyonyi itawapa vyote, na sina neno. Lakini lipieni saa za kutosha, chagueni nahodha anayekubali kutia nanga Bwama, na mpande hadi juu kwa miguu yenu.

Kwenye basi la kurudi, tulipopita Lukaya, mama alikuwa kimya na gonja mkononi. Kisha akaniuliza kutoka Kumi mjini hadi Ongino ni nauli kiasi gani siku hizi. Nimeomba likizo ya Agosti.