Miracles from Heaven au Letters to God?

Zote mbili ni filamu za Kimarekani kuhusu imani na mtoto mgonjwa, ila haziumizi mahali pamoja. Miracles from Heaven (2016) inamfuata Anna, binti wa Texas ambaye utumbo wake hausagi chakula. Jennifer Garner, aliyecheza kama mama, ndiye anayeibeba. Imani yake inayumba waziwazi, na waumini wenzake wanamwongezea uchungu wanapodokeza kwamba huenda kuna dhambi nyumbani. Kisha Anna, akiwa hoi kitandani, anamwambia mama yake kwamba anataka kufa ili maumivu yaishe. Hapo hata mtazamaji asiyesali hunyamaza. Mwisho wake ni wa muujiza: anatumbukia ndani ya mti wenye uwazi, na anapona.

Letters to God (2010) haina muujiza huo. Tyler, mwenye saratani ya ubongo, humwandikia Mungu barua, na tarishi mlevi hajui azipeleke wapi. Uigizaji ni wa kawaida, mahubiri yamezidi kidogo. Lakini kwa familia iliyofiwa na mtoto, ningechagua hii, maana Tyler anaombewa sana na bado anakufa. Wenye watoto wadogo waanze na ile ya kwanza.