Multimita ya Kupimia Waya za Gari: Sikiliza Mlio Kabla ya Kulipa

Taa ya breki iliyo kwenye mlango wa nyuma wa gari langu ilikuwa ikiwaka na kuzimika ipendavyo, nami nikapoteza Jumamosi mbili nikiutafuta waya uliokatika kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, niliyoinunua Kariakoo. Ililia, yaani ikadai waya ni mzima, kwa kila waya niliougusa. Fundi umeme wa magari alipokuja na mita yake, aliukunja taratibu mpira unaofunika nyaya penye bawaba za mlango, na mlio ukaanza kukatikakatika: waya mmoja ulikuwa umevunjika ndani ya ganda lake, ukawa unagusana na kuachana. Mlio wa mita yangu ulichelewa kuanza na kuchelewa kuisha, kwa hiyo mwanya huo mfupi ulipita bila kusikika.

Ukubwa wa kioo na wingi wa vipimo vimeandikwa kwenye boksi. Wepesi wa mlio haujaandikwa hapo. Ukiwa dukani, weka mita kwenye kipimo cha mlio, kisha gonganisha ncha zake harakaharaka. Kila mgongano usikike peke yake. Baada ya hapo hamia kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, shikanisha ncha na upinde nyaya zake pale zinapoingia kwenye mshikio. Namba ikirukaruka, nyaya hizo zimeanza kufa zikiwa mpya.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni Fluke 115. Mlio wake hunasa mkatiko wa nusu milisekunde. Wauzaji hukusukumia 117 kwa sababu bei yake ni kubwa zaidi, ilhali kinachoitofautisha hasa ni kutambua umeme wa nyumbani bila kugusa waya, jambo lisilokusaidia kitu kwenye volti 12 za betri. Ya pili ni UNI-T UT139C, kwa mwenye bajeti ya wastani. Sanwa CD800a ni imara, lakini nyaya zake zimeunganishwa moja kwa moja na mwili wa mita, hivyo zikikatika itakulazimu kulehemu. DT830B, ile ya bei ya chee, haina mlio kabisa.

Hata mlio mwepesi una mpaka wake. Fluke 115 hulia chini ya omu 20, ilhali kutu yenye omu 1 tu huinyang'anya taa kubwa ya wati 55 zaidi ya volti 3. Kwa hiyo baada ya kusikia mlio, soma pia omu.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Duka la kwanza lilikataa kufungua boksi kabla sijalipa, la pili lilinitajia bei tatu kwa mita ileile asubuhi moja, kisha muuzaji akaniambia, "Dada, mwambie fundi wako aje mwenyewe." Nilinunua mita mpya duka la tatu, ambako kijana aliitia betri bila kuombwa, akanikabidhi ncha nizigonganishe mwenyewe, na akaniandikia risiti.