Swichi ya simu za ofisini: acha kuhesabu poti, hesabu wati

Kwa miezi mitatu simu ya bosi ilikuwa ikizimika kila ikikaribia saa moja jioni. Mchana haina neno. Giza likiingia tu, kioo kinakufa, na huo ndio muda magari ya dagaa yanapakia huku Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, na wateja wa Dar wanapiga kuulizia mzigo. Tulibadilisha waya, tukabadilisha simu, fundi akasingizia umeme mdogo.

Kosa lilikuwa langu. Nilinunua swichi (kiboksi cha kugawa mtandao) ya poti nane, matundu ya kuchomekea waya, zote PoE, yaani waya mmoja unapeleka intaneti na umeme. Nikachomeka simu sita na kamera mbili za uani. Siku nilipoinama chini ya meza nikasoma adapta yake: volti 48, ampea 1. Zidisha. Wati 48 kwa vifaa vyote vinane, na swichi yenyewe inakula humo humo. Kamera zikiwasha taa zake za usiku zinadai zaidi, wati zinaisha, swichi inakata poti ya mwisho kwanza. Bosi alikuwa namba nane.

Kwa hiyo habari za kasi sizigusi. Simu moja haifikishi hata mega moja. Mimi naangalia wati za jumla. Kiwango cha PoE cha mwaka 2003 kinaruhusu hadi wati 15.4 kwa poti, na PoE+ ya 2009 hadi 30. Muuzaji atakuimbia hiyo 30 mpaka uchoke, wala hatakwambia kwamba poti zote nane haziwezi kuipata kwa pamoja.

Namba moja kwangu ni TP-Link TL-SG1210MP, na mapenzi yangu sifichi. Poti kumi, nane zina umeme, wati 123 kwa jumla. Ndiyo niliyofunga sasa, na bosi nimemhamishia poti ya kwanza. Ila kaza macho kwenye hiyo herufi M. TL-SG1210P ina poti zile zile, lakini wati 63. Ukiagiza kwa simu utaletewa hiyo, na utaambiwa "ni ile ile dada".

Ofisi ya watu ishirini, Cisco CBS250-24P yenye wati 195 inabeba simu zote vizuri. Bei yake inauma. Ukiwa na kamera nyingi kuna dada yake wa FP, wati 370, nayo inauma zaidi.

Namba tatu, Ubiquiti USW-Lite-16-PoE. Inapendeza ukutani, poti kumi na sita, lakini zenye umeme ni nane tu, kwa wati 45. Simu peke yake sawa. Kamera usithubutu.

Zisizo na jina? Ndiko nilikoanzia. Nyingine zinatoa volti 24, na simu hizi zinataka 48, haziwaki kabisa. Na kabla hujalaumu swichi, angalia simu yenyewe: Grandstream GXP1625 inakula umeme wa waya, GXP1620 haili. Halafu swichi iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba, umeme ukikatika simu ziendelee.

Sasa wauzaji wetu. Bei haibandikwi, ni "njoo inbox". Ukifika umekubaliana, ukitaja risiti ya EFD inapanda asilimia 18 hapo hapo, kana kwamba VAT ni faini ya mteja msumbufu. Niliporudisha ile ya wati 48, kijana aliichomeka, taa nane za kijani zikawaka.

"Dada, si inawaka?"

Nikamwambia aniwekee simu sita na kamera mbili, tusubiri ifike saa moja jioni. Akanionesha karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nimeipa zile kamera mbili tu, na boksi lake bado limeandikwa PoE 8.