Kuni za kuwashia: zipi za kununua kwanza na zipi za kuacha

Mtu akiweka jiko la chuma lenye bomba au meko yenye dohani sebuleni, hapa nyanda za juu kuanzia Njombe na Makete hadi Mafinga, huwa makini sana na magogo. Atauliza kama ni mti wa mwati au mlingoti (mkaratusi), ataangalia unene, atabishana bei mpaka mwisho. Ikija zamu ya kuni za kuwashia, anaokota chochote kilicho karibu: gazeti, kipande cha mfuko, kifuniko cha mafuta ya taa. Sebule ikijaa moshi, lawama zinamwendea fundi aliyejenga dohani.

Mara nyingi fundi hana kosa. Dohani huvuta kwa sababu hewa yenye joto ni nyepesi na hupanda. Bomba likiwa baridi halivuti, na moshi hauna pa kwenda ila kurudi ndani. Kuni za kuwashia ndizo zinazotakiwa kutoa mwali mkali kwa dakika chache, bomba lipate joto na gogo lishike. Zikiwa na unyevu, joto lote hilo linaishia kuchemsha maji yaliyomo ndani ya ubao. Moto unafuka badala ya kuwaka, na moshi wake unagandia ndani ya bomba kama lami nyeusi. Lami hiyo ikirundikana inaweza kushika moto huko huko juu, karibu na mbao za dari.

Kwa hiyo nimepanga kwa kuangalia ukavu, urahisi wa kuchanjwa, na gharama ya kila moto unaowashwa. Bei ya mzigo peke yake hudanganya. Mzigo wa bei rahisi unaokuhitaji kupuliza nusu saa kila asubuhi ni ghali.

1. Mabanzi ya paini

Ukiniuliza ununue nini kama utanunua kitu kimoja tu, ni mabanzi. Gogo linapopasuliwa mbao, vipande vya pembeni vyenye gome hubaki, na maeneo yenye viwanda vingi vya mbao vinapatikana kwa wingi. Mafinga iko jirani na Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini Tanzania, ambako mti mkuu ni mpaini. Mbao ya paini ni laini, ina utomvu kidogo, na nyuzi zake zimenyooka. Panga la kawaida linatosha kuichanja vipande vya unene wa kidole. Mlingoti ukishakauka huo ni ugomvi mwingine kabisa, na mwati ni mzito. Miti yote miwili ihifadhi kwa ajili ya magogo.

Hapa ndipo umakini unatakiwa, kwa sababu banzi bichi na banzi kavu hukaa kwenye rundo moja na kuuzwa bei moja. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Kavu hutoa mlio mkali, bichi hutoa mlio wa kufa. Angalia ncha zake: ubao uliokauka huwa na nyufa ndogo zinazotoka katikati, na gome huachia ukilivuta kwa mkono. Kisha omba panga, chanja kipande kimoja, uguse upande wa ndani kwa shavu. Ukisikia ubaridi, bado kina maji. Usikubali kuonyeshwa vipande vya juu ya rundo tu, maana hivyo vimepigwa jua; vuta cha katikati. Mwenye kipimo cha unyevu atafute kuni zilizo chini ya asilimia 20.

Msimu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Baridi yetu inaanza mwezi wa tano na kukolea mwezi wa sita na wa saba, na hapo kila mtu anakimbilia kuni. Lakini mabanzi ya mwezi wa tano yametoka kwenye mvua. Nunua mwezi wa tisa au wa kumi, kiangazi kikiwa kimefika mwisho na wanunuzi ni wachache. Kodi kirikuu au guta, ikiwezekana shirikiana na jirani, ushushe mzigo wa mwaka mzima. Yapange juu ya nguzo au matofali yasiguse ardhi, paa juu, pembeni wazi upepo upite. Turubai lililofunika mpaka chini linafungia unyevu ndani, na mabanzi huota ukungu.

Uliza pia yametoka wapi. Viwanda vinavyotengeneza nguzo za umeme huziingiza dawa za kuzuia mchwa, na baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Kipande chenye rangi ya kijani, au chenye weusi unaonuka lami, kisiingie jikoni hata kimoja. Moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu, usiyamwage hata bustanini. Mabaki ya mbao zilizopakwa rangi na yale yenye gundi nayo yaache kwa fundi seremala.

Kwa walio Kenya, huko Limuru, Nyandarua au Molo, nafasi ya paini inaweza kushikwa na saiprasi bila kupoteza kitu. Nguzo kuukuu za uzio za mtarakwa ni bora zaidi: zimekauka kwa miaka mingi, zinapasuka zikiwa zimenyooka, na harufu yake inajaza nyumba. Ukisikia jirani anabadilisha uzio, mwendee mapema, ila hakikisha misumari na seng'enge vimetolewa.

2. Vibanzi vya paini vyenye utomvu

Hivi vingeshika nafasi ya kwanza kama vingepatikana kila mahali. Mpaini ukijeruhiwa hujaza kidonda chake utomvu, na kisiki cha mti uliokatwa zamani huoza pembeni kikabaki kiini kigumu chenye rangi ya asali. Kipande chake kikubwa kidogo kuliko penseli huwaka kwa njiti moja ya kiberiti, hata kikiwa kimelowa nje. Miti iliyogemwa utomvu nayo huwa na sehemu ya namna hiyo karibu na shina.

Vinunue kidogo na uvitumie kidogo. Viwili au vitatu vinatosha kuanzisha moto, kisha mabanzi yaendelee na kazi. Ukijaza jiko vibanzi vya utomvu utapata masizi mazito kwenye bomba na kwenye kioo cha mlango. Muulize muuzaji anavitoa wapi, kwa sababu kuchimba visiki kwenye msitu wa serikali kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Visiki vya mashamba ya watu binafsi ni vingi na havina shida hiyo.

3. Magunzi ya mahindi

Baada ya kupukuchua mahindi, magunzi huuzwa kwa kiroba kwa bei ya chini kabisa, na vijijini mara nyingi hupewa bure. Yakikauka hushika moto haraka na hewa hupita vizuri katikati yake. Tatizo ni kwamba hayadumu. Gunzi linawaka kwa fujo, linaisha kabla gogo halijashika. Kwa hiyo lichanganye na vipande vichache vya mabanzi, na utapata moto mzuri kwa pesa ndogo. Yahifadhi mbali na chakula, kwani panya na wadudu huyapenda.

4. Vitofali vya maranda na nta

Maranda makavu kutoka kwa seremala, trei ya mayai ya karatasi, na vipande vya mishumaa iliyobaki. Jaza maranda kwenye vishimo vya trei, yeyusha nta kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, mimina, acha igande, kata kimoja kimoja. Nta usiiyeyushe moja kwa moja juu ya moto, maana mvuke wake unawaka. Kitofali kimoja huwaka dakika kadhaa na hakina harufu. Kina mama wa vikundi wanaoviuza tayari wanastahili kuungwa mkono: kwa mtu wa mjini asiye na nafasi ya kuweka mabanzi, hii ndiyo kuni ya kuwashia ya kununua.

Maranda matupu, yasiyo na nta, usiyarushe kwa kiganja kwenye moto unaowaka. Vumbi lake hulipuka usoni.

5. Vifuu

Mtu wa pwani atashangaa kuviona chini namna hii. Kwa jiko la mkaa la Tanga au Mombasa vifuu ni vya kwanza: vigumu, vina mafuta, vina joto kali. Kwa jiko la kuni huku juu, gharama ya kusafirisha inaua faida. Lushoto, palipo karibu na minazi, hesabu inaweza kukubali. Makumbi ni habari nyingine, hufuka moshi muda mrefu kabla ya kutoa mwali.

6. Vitofali vyeupe vya dukani

Vinafanya kazi, hilo sikatai. Ila vingi vimelowekwa mafuta ya taa, vinanuka ndani ya chumba kilichofungwa, na ukichoma nyama lazima usubiri viteketee kabisa. Weka pakiti moja kwa siku za mvua, usivitegemee kila asubuhi.

Visivyofaa hata kwa bure

Mafuta ya taa yanayomwagwa kwenye makaa yaliyozimika nusu hutoa mvuke, na mvuke ukikutana na cheche mwali unarudi kwenye chupa uliyoishika. Yakiwa yamechanganyika na petroli, hata kidogo, ni mlipuko. Watoto wengi wa kwetu wana makovu ya jambo hili, na ninaomba chupa hiyo iondoke kabisa karibu na jiko. Wala mafuta hayo si ya bei rahisi tena: Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita mwaka 2018 kuzuia uchakachuaji.

Plastiki nayo ilipungua mitaani baada ya mifuko kupigwa marufuku, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, lakini vifungashio bado vinaishia jikoni. Moshi wake unavutwa na aliye karibu na jiko, ambaye kwa kawaida ni mama na mtoto wa mgongoni. Vijiti vya mnyaa viache vile vile. Utomvu wake huunguza macho na moshi wake huwasha.

Kiasi cha kununua

Moto mmoja unahitaji vipande kama kumi vya mabanzi, urefu wa shubiri moja na zaidi kidogo, vingine vyembamba kama kidole cha mwisho na vingine kama kidole gumba. Panga magogo mawili chini, vipande vinene juu yake kwa kupishana, vyembamba juu kabisa, na kibanzi cha utomvu au kitofali cha nta kileleni. Fungua tundu la hewa lote, washa kutoka juu. Mwali unapasha bomba kwanza, kisha unashuka wenyewe kwenye magogo, na moshi unakuwa mdogo sana. Ikiwa dohani imelala baridi usiku kucha, choma karatasi moja karibu na mdomo wake kabla ya kuwasha.

Anayewasha mara moja kwa siku miezi ya baridi anamaliza vipande zaidi ya elfu moja, hivyo mnapopatana na muuzaji mwezi wa tisa, mwombe akuchanjie nusu ya mzigo kabisa. Wengi hukubali kwa nyongeza ndogo, na vilivyochanjwa hukauka upesi kuliko banzi zima.