Usiku mmoja katika nyumba ya zamani, Jinja, Uganda

Mimi ni seremala, kwa hiyo niliangalia milango kabla ya kitanda. Nyumba hii ya wageni ilijengwa miaka ya 1950, enzi za bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa 1954: paa bapa la zege, ukuta wa matofali ya matundu unaopitisha upepo wa ziwani, sakafu ya terazo, yaani saruji yenye vipande vya mawe iliyosuguliwa ikawa laini. Waliokarabati hawakuifunika kwa vigae. Waliisugua tu, na nyufa mbili wakaziacha. Hapo nimewavulia kofia. Kabati la mvule ni lilelile, droo zinateleza bila kukwaruza. Feni sikuiwasha kabisa. Ila bafuni wameweka mlango wa plastiki, jamani! Na maji ya moto yalikuja saa tatu asubuhi, nimeshaoga ya baridi. Chapati za mayai nilikula tatu.