Mafuta ya karafuu kwenye ndoo ya asidi: yanafaa, ila kwa kazi ndogo

Ni chupa ileile ya mililita 30 wanayoiuza maduka ya dawa za asili hapa Mtwara mjini kwa wenye maumivu ya jino. Kwa fundi anayetoa kutu kwa asidi ina kazi nyingine: eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta haya, hugandamana na chuma kilicho wazi, asidi ikamaliza kutu bila kukitafuna sana chuma chenyewe. Kutu haing'oi, na nanga iliyokwisha kurudi baharini haikingi.

Kabla hujalipa, omba glasi ya maji udondoshe tone moja. Karafuu halisi huzama. Likielea, huenda umeuziwa mafuta ya kupikia yenye harufu.

Tia maji mililita 900 kwenye ndoo ya plastiki, kisha mimina polepole mililita 100 za asidi ya chumvi ya asilimia 32. Maji hutangulia, asidi hufuata. Ukigeuza inaweza kukurukia usoni. Mafuta, mililita 1, yakoroge kwanza na mililita 10 za spiriti na matone mawili ya sabuni ya maji, ndipo uyatie ndooni. Wengi huharibu hapa: wanayatia hivihivi, yanakaa chini kama matone, na chuma kinaliwa mabaka mabaka.

Usiamini harufu, pima. Chukua misumari miwili mipya isiyopakwa zinki, ipime kwa mizani ya sonara, mmoja uingie asidi hiyo ya ndooni isiyo na mafuta, mwingine ile yenye mafuta, kwa saa sita. Suuza, kausha, pima tena. Wa kwanza ukipungua gramu 0.40 na wa pili 0.10, kinga ni asilimia 75.

Ndoo ikae kivulini. Joto likipanda asidi huongeza kasi, na jua la Mtwara tunalijua. Mabati usiyatie kabisa, zinki itayeyuka yote. Springi na bolti ngumu pia ziache: hidrojeni inayotoka asidi ikila chuma huzipenya zikawa za kukatika, na mafuta hayaizuii yote.

Ukitoa chuma, suuza, pitisha kwenye maji ya magadi, kausha hapohapo, kisha futa kwa thina. Utando wa mafuta ukibaki, rangi itabanduka.

Kwa nati, bawaba na vipuri vya mashine ya boti, chupa hii inalipa. Kwa pipa zima la asidi ni hasara. Mafuta ya maganda ya korosho nayo yana fenoli, kemikali za jamaa moja na eujenoli, na maganda hapa si haba, lakini yanababua ngozi: bila glavu nene usiyaguse.